Kurudi kwenye Vigoda: Riwaya za John Christopher Mbele ya Msomaji Aliyekulia Saza

Kuna tabia moja hapa Chuoni ambayo naomba niitaje mapema, maana hata mimi ninayo. Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa amesoma nini, atataja Rosa Mistika, atataja Kusadikika, na akitaka kumtisha aliyemwuliza atataja Nagona. Hakuna atakayekutajia kitabu alichokisoma akiwa na miaka kumi na minne, amelala kifudifudi juu ya mkeka, akasahau kwenda kuteka maji mpaka akaonja fimbo. Vitabu vya utotoni tunaviacha huko huko utotoni pamoja na kaptula za shule ya msingi. Tukishakua tunavionea aibu, eti havina uzito.

Makala haya yanakusudia kupima uzito wa vitabu vitatu vya namna hiyo. Nimevisoma mara mbili: viwili nikiwa mtoto, na vyote vitatu nikiwa mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika, niliyerudi darasani baada ya kufundisha kwa miaka mingi. Kati ya usomaji ule na huu imepita zaidi ya miaka ishirini, na mambo yametokea. Nitaeleza kwanza vitabu vyenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajavisoma, nao najua ni karibu wote.

Ni mfululizo wa hadithi za kubuni za kisayansi, ulioandikwa kwa ajili ya watoto na Mwingereza aliyejiita John Christopher. Jina lake halisi ni Sam Youd. Alizaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 2012. Mwaka 1967 alitoa The White Mountains, yaani Milima Myeupe, kisha The City of Gold and Lead, Mji wa Dhahabu na Risasi (risasi hii ni ile madini mazito, si ya bunduki), na mwaka 1968 akamalizia na The Pool of Fire, Dimbwi la Moto. Ndani yake ulimwengu wote unatawaliwa na madude makubwa ya chuma yenye miguu mitatu, na Wazungu huuita mfululizo mzima kwa jina la madude hayo. Sisi kule Saza tuliyaita Vigoda. Sababu nitaieleza, lakini lazima nianze na Saza yenyewe.

Watu wakisikia Songwe hufikiria Tunduma, foleni ya malori na mpaka wa Zambia. Saza haiko huko. Iko kaskazini, katika pori la miombo na vumbi jekundu upande wa Ziwa Rukwa, na kabla Mkoa wa Songwe haujamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 sisi tulijijua kuwa watu wa Chunya. Kilichotuweka kwenye ramani ni dhahabu. Saza imo ndani ya machimbo ya Lupa, ambako watu walianza kugombea dhahabu miaka ya 1920, na hapo palikuwa na mgodi mkubwa wa wakati wa Mwingereza, New Saza, uliofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950. Ukafungwa, wenyewe wakaenda zao. Sisi tulipozaliwa tukakuta mabaki: misingi ya zege katikati ya miti, mashimo ambayo mama zetu walitukataza kuyasogelea, vyuma vilivyoliwa na kutu. Wazee walijua jina la kila kitu. Hapa palikuwa na winchi, pale karasha, kule nyumba ya meneja. Tulicheza kombolela ndani ya ustaarabu wa watu wengine uliokwisha kufa, wala hatukuona ajabu. Tulidhani kila kijiji duniani kina ya kwake.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha pili, shule ikiwa mbali na nyumbani. Mwalimu wetu wa Kiingereza alipokea boksi la vitabu vya msaada kutoka Uingereza. Mlijue boksi lenyewe: kitabu cha kupamba keki, kitabu cha kufuga mbwa, riwaya zisizo na jalada. Chini kabisa mlikuwa na viwili vya John Christopher, cha kwanza na cha pili. Cha tatu hakikuwamo. Mwalimu akaniruhusu kwenda navyo likizo, nami nikarudi Saza nikiwa mtu mkubwa, maana nilikuwa na kitu ambacho wenzangu hawana.

Rafiki yangu mmoja, jirani yetu ambaye hakuendelea na sekondari, alikuwa akija jioni nimsimulie. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga. Neno nisilolijua niliruka au nilibuni. Siku ya kwanza nilipojaribu kumweleza madude yale yalivyo, yaani nusu duara ya chuma juu ya miguu mitatu mirefu, nikachora kwa kijiti mchangani. Akatazama, akacheka. “Si kigoda hiki?” Kweli kilikuwa kigoda, kama kile cha babu yake pale barazani, ila cha urefu wa mlima. Toka siku hiyo jina likawa Vigoda. Ni baadaye sana, nikijiandaa kuandika makala haya, ndipo nilipotambua jinsi alivyopatia. Kigoda si kiti tu. Ni kiti cha mwenye mamlaka. Anayekikalia ndiye anayesema, na walio chini husikiliza.

Sasa hadithi. Will Parker ni mvulana wa miaka kumi na mitatu, mtoto wa mwenye kinu cha kusaga nafaka katika kijiji cha Wherton, Uingereza. Ukianza kusoma unadhani ni hadithi ya zamani, kwa sababu watu wanasafiri kwa farasi na wanakoka moto wa kuni. Polepole unagundua kuwa ni wakati ujao. Miji mikubwa ipo, lakini ni magofu. Vigoda vilikuja, vikaushinda ulimwengu, na sasa kila mtoto akifikisha miaka kumi na minne hupelekwa mbele ya Kigoda akavikwa Kofia: wavu wa chuma unaoshikamana na ngozi ya kichwa, hautoki tena mpaka kaburini. Aliyevikwa Kofia hapigwi wala hafungwi jela. Anapenda tu. Anavipenda Vigoda kwa moyo wake wote, na wazo la kuvipinga halimjii kamwe.

Wapo ambao Kofia huwakataa, akili ikavurugika, wakawa wanatangatanga vijijini. Will anakutana na mmoja wao anayejiita Ozymandias, jina la mfalme wa lile shairi la Shelley la mwaka 1818 ambaye sanamu lake limebaki vipande jangwani. Kumbe mtu huyo si mwehu. Kofia yake ni ya bandia. Anatafuta watoto ambao hawajavikwa, awaelekeze kusini kwenye Milima Myeupe, ambako wamejificha watu huru. Will anatoroka. Anafuatana na Henry, binamu yake wasiyepatana, na huko Ufaransa wanampata wa tatu, kijana mrefu mwembamba aliyejitengenezea miwani mwenyewe. Anaitwa Jean-Paul, ila masikio ya Will yanasikia neno la Kiingereza la mti wa kutegemezea maharage. Mimi nilimwita Mlingoti.

Katika kitabu cha pili Will anaingia kwenye mji wenyewe wa watawala, mji wenye kuta za dhahabu na paa la kioo cha kijani, akijifanya mtumwa mwaminifu. Humo ndimo anapowaona Mabwana, viumbe waliotoka sayari nyingine, wanaoviendesha Vigoda. Hewa yao ni sumu kwa binadamu, kwa hiyo watumwa huvaa barakoa. Na wamefanya mji uvute miili chini kwa nguvu, hata kijana mwenye afya anakuwa mzito kama risasi, anachakaa, anakufa ndani ya miaka michache. Anagundua pia mpango wao: meli iko njiani, na ikifika wataibadilisha hewa ya dunia nzima iwe kama ya mji wao. Will anatoroka kupitia mto. Mwenzake Fritz anabaki ndani. Kitabu kinaisha hapo, mtu hajui kama dunia itapona.

Nami kwangu mfululizo uliishia hapo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nikiwa mtoto nilipenda nini? Niseme ukweli, sikuona “dhamira” yoyote. Nilipenda magofu. Kuna sehemu katika kitabu cha kwanza ambapo wavulana watatu wanapita katika mji mkubwa uliokufa, miti imeota barabarani, wanashuka chini ya ardhi na kukuta silaha za watu wa kale bila kujua ni nini. Msomaji anajua ni Paris. Wao hawajui. Mtoto wa London akisoma sehemu hiyo lazima ajilazimishe kuwaza mji wake ukiwa gofu. Mimi sikujilazimisha. Nilitoka nje tu. Na kuna jambo la lugha ambalo nililifurahia bila kujua kwa nini: Wafaransa wa hadithi hii wana mabehewa yanayovutwa na farasi juu ya reli, na Will anasikia yakiitwa Shmand-Fair. Ni neno la Kifaransa la reli, limevunjika masikioni mwake kwa sababu hana habari ya lugha wala ya treni. Basi sisi kwetu tulisema karasha bila kujua kuwa ni neno la Kiingereza la kusagia mawe, na wazee walisema manamba bila kukumbuka kuwa zilikuwa namba walizopewa watu badala ya majina. Bwana akiondoka, maneno yake hubaki kinywani mwa watu kama mbegu za tunda lililokwisha kuliwa. John Christopher alilijua hilo, akaliweka katika kitabu cha watoto bila kulitolea mhadhara.

Usomaji wa pili umekuwa mgumu zaidi. Wahakiki wengi wa hapa Chuoni wangeniambia haraka: Kofia ni kasumba, Vigoda ni ubeberu, makala yamekwisha, tukanywe chai. Sikatai. Hata Ngũgĩ angekubali, yule wa Decolonising the Mind ya mwaka 1986. Lakini tafsiri hiyo inapita juu juu, kwa kuwa inadhani Kofia inavikwa kwa nguvu. Someni tena. Kofia huvikwa siku ya sikukuu. Kuna chakula, kuna nguo mpya, majirani wanapongezana. Mzazi anayemwandalia mtoto siku hiyo si msaliti. Ni baba mwema anayempenda mwanawe, naye alivikwa, na baba yake alivikwa. Nilipokuwa mtoto nilimwogopa Kigoda. Sasa ninamwogopa huyo baba, kwa sababu na mimi ni baba, na sijui ni mangapi nimeyaandalia sherehe.

Tena mwandishi hakuwafanya waliovikwa kuwa wajinga. Wanaoka mikate, wanapendana, hawaibiani sana. Dunia yao haina vita hata kimoja. Hilo si jambo dogo, na John Christopher haliondoi mezani ili kumrahisishia Will uamuzi. Kuna wakati kijana anakaa katika kasri la kabaila mmoja wa Ufaransa, anatunzwa, anapendwa, na karibu abaki avikwe Kofia kwa hiari yake. Swali lililopo ni kama amani ya namna hiyo ina thamani gani. Msomaji wa Tanzania hawezi kulipita kirahisi, maana amani tumeifanya kuwa jina letu la pili.

Na wale wanaotangatanga? Nikiwa mtoto nilitafsiri neno hilo kuwa wazururaji, kwa kuwa ndilo lililokuwa midomoni mwa watu wazima. Mwaka 1983 nchi yetu ilipitisha sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi wakakamatwa mijini kurudishwa mashambani. Jina la mzururaji likawa jina la mtu ambaye mpango haukumkubali. Nilipolikuta tena neno hilo kichwani mwangu nikisoma, nilinyamaza kidogo.

Lakini sehemu iliyonishika zaidi safari hii ni ya Bwana wa Will. Fritz alipata bwana mkatili anayempiga. Will alipata bwana mpole. Anampapasa, anamwita waongee, anamsimulia habari za nyota, na ndiye anayemwambia ule mpango wa kuua dunia, kwa huzuni kabisa, kama mtu anayesikitika kwamba kuku wake atachinjwa Krismasi. Waswahili tulisema zamani kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii tunaitumia kama faraja: afadhali adui unayefahamiana naye. John Christopher ameigeuza. Zimwi linakujua, linakupenda hata, na litakumaliza pamoja na wenzako wote kwa ratiba iliyokwisha kupangwa. Upole wake ni wa kweli, haubadilishi kitu. Sijaona katika riwaya zetu za ukoloni, za watu wazima, bwana aliyechorwa kwa uangalifu kiasi hicho. Mara nyingi mkoloni wetu ni mkatili moja kwa moja, mwenye kaptula ya kaki na kiboko, kwa hiyo msomaji anamchukia bila kuhangaika.

Hapa lazima nirudi kwa rafiki yangu. Yeye alibaki Saza. Alipokuwa kijana alianza kazi kwenye karasha za wachimbaji wadogo, kusaga mawe ya dhahabu kavukavu. Ukimkuta jioni utadhani amemwagiwa unga. Alifunga kipande cha kanga mdomoni, hiyo ndiyo barakoa. Kila niliporudi likizo ya ualimu tulitaniana: “Vipi, uko Mjini kwa Mabwana?” Anajibu kwa kucheka, na baada ya miaka kadhaa anajibu kwa kukohoa. Vumbi la mawe likiingia kwenye mapafu halitoki. Linafanya makovu, pumzi inafupika, na kifua kikuu hupata njia rahisi. Mtu anatibiwa TB, anarudi kazini, anaugua tena. Alifariki mwaka 2018. Mara ya mwisho tulipoongea aliniuliza, kwa utani wake ule ule, kama nimeshajua walioko milimani walishinda. Nikamjibu sijui, sijakiona cha tatu.

Nilikiona mwaka uliofuata, Dar es Salaam, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kati ya kamusi iliyochanika na Biblia. Nililipa bila kupatana bei.

Msomaji anayependa ushindi atafurahi kwa muda. Walioko milimani wanamteka Bwana mmoja na kugundua, kwa bahati tu, kuwa pombe inamlaza fofofo. (Kumbe silaha ya ukombozi ni gongo! Rafiki yangu angeangua kicheko.) Miji ya Mabwana ni mitatu: mmoja Ulaya, mmoja Mashariki ya mbali, mmoja pale Panama. Wapiganaji wanaingia kwa siri, wanatia pombe kwenye maji, miwili inaanguka. Wa tatu unagundua hila. Ndege zinashindwa, wanatumia maputo makubwa yanayobeba mabomu, na mabomu nayo yanateleza juu ya paa la kioo. Mwishowe Henry, yule binamu ambaye Will hakumpenda mwanzoni, anashuka juu ya paa na kulishikilia bomu kwa mikono yake mpaka lipasuke. Dunia inakuwa huru.

Halafu kinakuja kile ambacho sikutegemea kukikuta katika kitabu cha watoto. Mataifa yote yanakutana milimani kupanga namna ya kuishi pamoja, na mkutano unavunjika. Wanazomeana. Ujumbe mmoja unatoka nje, mwingine unafuata. Mzee Julius, aliyewaongoza miaka yote ya mafichoni, anawekwa pembeni. Wale vijana watatu waliobaki, kila mmoja akiwa na ndoto ya kwenda kufanya analolipenda sasa vita vimekwisha, wanakaa wakitazamana. Wanaamua kuziacha ndoto na kwenda kuanza upya kazi ya kuwaunganisha watu, bila hakika yoyote kama wataweza. Ndiyo mwisho. Hakuna sherehe.

Tazameni tarehe. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1967, mwaka ule ule Kenya, Uganda na Tanzania zilipotia sahihi kuunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cha mwisho mwaka 1968. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, ikaja kufufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 baada ya kizazi kizima kukua bila hiyo. Sisemi mwandishi alikuwa akitutazama sisi. Alikuwa akiitazama Ulaya yake. Ila nilipofika kwenye kikao kile nilijua nasoma habari ya jambo ninalolifahamu kwa jina: uhuru umepatikana, bendera imepanda, sasa tunagombania viti. Vigoda, tena.

Kwa muda wote ule nilikuwa nimekichukulia kitabu hiki kuwa ni hadithi ya kutoroka, kwa sababu nilikuwa na theluthi mbili zake tu. Na si mimi peke yangu. BBC ilitengeneza tamthilia ya televisheni ya riwaya hizi, sehemu ya kwanza mwaka 1984 na ya pili mwaka 1985, kisha ikaacha. Ya tatu haikutengenezwa. Kwa hiyo hata watoto wengi wa Uingereza waliachwa pale nilipoachwa mimi, wakitazama mlima, wakisubiri. Nadhani tulipoteza sehemu bora. Theluthi mbili za kwanza zinamwambia mtoto kwamba adui anaweza kukimbiwa. Theluthi ya mwisho inamwambia kwamba adui akishaondoka kazi haijaisha, na haimdanganyi kuhusu ugumu wake. Nimepitia vitabu vingi vya watoto nikiwa mwalimu, vya Kiingereza na vya Kiswahili. Vinavyothubutu kumwacha mtoto mahali hapo ni vichache sana.

Mwaka 1988 mwandishi aliongeza kitabu cha nne, kinachoeleza jinsi Vigoda vilivyoingia. Si kizuri kama vile vitatu, lakini kina jambo moja: wahakiki walimwuliza madude yale yangewezaje kuyashinda majeshi ya kisasa, naye akajibu kuwa hayakushinda kwa vita. Ya kwanza yaliharibiwa mara moja. Watu walitekwa na kipindi cha televisheni walichokipenda mno, kisha wakaanza kuvikana Kofia wenyewe kwa wenyewe. Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa haijawa na kituo chake cha televisheni. Vya kwanza vilianza mwaka 1994. Leo kila mtu anatembea na kioo mfukoni. Naacha hapo.

Kasoro zipo, tena kubwa. Afrika haimo. Mabwana hawakujenga mji kwetu, na waasi wa Ulaya hawatuhesabu katika vita vyenyewe. Ni ajabu, maana Vigoda vyenyewe vimetoka kwa H. G. Wells, katika The War of the Worlds ya mwaka 1898, na Wells katika sura yake ya kwanza kabisa aliwakumbusha Waingereza jinsi watu wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji wa Kizungu. Yaani wazo la kuvamiwa na viumbe wenye silaha kali lilizaliwa kwa Mwingereza mmoja kujiuliza: je, tungefanyiwa sisi tuliyowafanyia wao? John Christopher aliyachukua madude, kumbukumbu akaiacha. Msomaji wa Saza hana budi kuirudisha mwenyewe. Aina hii ya hadithi haikutuhusu kwa bahati. Ilianza kwa kututazama sisi, kisha ikatusahau.

Kasoro ya pili sikuiona kabisa nikiwa mtoto. Alinionyesha binti wa marehemu rafiki yangu. Likizo iliyopita nilikwenda Saza na kitabu cha tatu mkononi, nikafikia kwao kusalimu. Yuko kidato cha kwanza, ananiita baba mdogo. Nikaanza kumsimulia mfululizo wote tangu mwanzo, kama nilivyomsimulia baba yake. Nikafika kwa Eloise, yule binti wa kasri anayependwa na Will, anayechaguliwa malkia wa mashindano na kwenda kwa furaha kuvitumikia Vigoda. Katika kitabu cha pili Will anamkuta mjini, amekufa, amehifadhiwa kwa uzuri wake kama kipepeo kwenye sanduku la kioo.

“Baba mdogo,” akaniuliza, “na wasichana wengine wanafanya nini?”

Nikafikiri. Wanapika. Wanapiga makofi.

“Kule milimani hakuna hata mmoja?”

Anayepigana, hakuna. Nikajitetea kwamba kitabu ni cha mwaka 1967. Akanitazama kama wanavyotazama wao. Shaaban Robert, nikakumbuka baadaye usiku, alikuwa ameandika Maisha ya Siti binti Saad kabla ya hapo, na katika Kusadikika ya mwaka 1951 alikwisha kuitundika nchi nzima hewani bila kuhitaji chombo cha kurukia. Utetezi wa tarehe una mipaka yake.

Swali lake lilinirudisha kwenye rafu zetu. Kwa watu wazima tunayo Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anarushwa ndani ya chombo auawe na badala yake anatua kwenye nchi yenye haki. Na tunayo Bina-Adamu! ya Wamitila ya mwaka 2002. Kwa watoto, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 umetupatia vitabu vingi vyema vya wanyama, vya shule, vya mila. Vya sayansi ya kubuni mwalimu anavitafuta kwa tochi. Hapo ndipo mwenye kalamu hapa Chuoni angeweza kuchukua karatasi. Mazingira yapo tayari, hayahitaji kubuniwa: pori la Lupa, zege la wageni walioondoka, mgodi mpya uliofunguliwa wilayani miaka ya 2010, karasha zinazonguruma usiku, na msichana ambaye hajavikwa Kofia.

Nilimwachia kitabu. Alinifuata mpaka kwenye bodaboda akinidai cha kwanza na cha pili. Vile vya boksi nilivirudisha kwa mwalimu mwaka ule ule wa 1996 kama nilivyoahidi, na sijui viliishia wapi. Kwa hiyo yeye ataanzia cha tatu.